Kibarua cha Kutafuta Mimea Adimu

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Kayole, kabla ya futari)



Ndugu zangu vijana, kina dada, na wazazi wetu mliotuheshimu kwa kuja na hali mmefunga. Niliombwa nizungumze kuhusu kazi, na wenyeji wangu wakanionya nisije na ile hotuba ya "someni kwa bidii" ambayo mmeisikia mpaka mmechoka. Basi nitazungumzia kazi moja tu, niliyoifanya misimu kadhaa, ambayo hapa Kayole sijawahi kumsikia mtu akiitaja: kuingia kwenye misitu na ardhi ya umma pamoja na kikosi cha watu watano au sita, mkatafuta mimea adimu na kuiandika.

Naona wengine mnacheka. Mtu ametoka Soweto au Matopeni, amemaliza kidato cha nne, ametarmaki miaka miwili, mjengo nao ni wa leo upo kesho haupo, halafu unamwambia akahesabu majani! Subirini kidogo.

Kwanza tujue hiyo ardhi ya umma ni ya nani. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, imetaja misitu ya serikali, hifadhi za wanyama na sehemu za vyanzo vya maji. Kwa hiyo Karura ni yako wewe wa Kayole sawasawa na jirani yake wa Muthaiga. Wazazi waliopo hapa wanakumbuka jinsi vipande vya Karura vilivyogawiwa watu binafsi, hata Profesa Wangari Maathai na wenzake wakapigwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miti. Sasa jiulize: mnyakuzi wa ardhi husema nini siku zote? Husema, "Hapo pana kichaka tu." Na neno hilo huwezi kulijibu kwa kupiga kelele peke yake. Hujibiwa na mtu aliyeingia ndani ya hicho kichaka na kuandika kilichomo.

Kazi yenyewe haina mambo makubwa. Mnanyoosha kamba ya mita 50, mnatembea polepole, mnaangalia hatua chache kila upande, na kila mmea ulio kwenye orodha unaandikwa. Mti unapimwa unene wake kwenye kimo cha mita 1.3, yaani kifuani. Mwisho wa kamba mnahamia mstari mwingine. Ukipata mmea wenye maua au matunda, mnakata kitawi na kukilaza ndani ya gazeti kuukuu, kisha mnakibana kati ya mbao mbili kwa mikanda. Magazeti hubadilishwa kila siku, la sivyo ukungu unaingia. Na kama mmea umebaki michache, hukatwi hata jani. Mnapiga picha, basi.

Kisha kuna kibandiko, na hapa ndipo mwenye mwandiko mzuri hupendwa: tarehe, mahali, mwinuko, jina ambalo wenyeji wanauita, na rangi ya ua. Rangi ni lazima uiandike palepale, kwa sababu ua likikauka hupoteza rangi, na atakayelisoma miaka hamsini baadaye hatakuwa na wa kumuuliza.

Vielelezo hivyo hupelekwa Hebaria ya Afrika Mashariki, pale Makumbusho ya Taifa, Museum Hill. Ilianzia Amani, Tanganyika, mwaka 1902, ikahamia Nairobi 1950, na leo ina vielelezo takriban milioni moja. Kutokana na vitawi kama hivyo wataalamu waliandika vitabu vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania kuanzia 1952 hadi 2012. Miaka sitini! Wakafikisha aina 12,104. Na kazi hii si ngeni kwetu Waislamu. Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 1248, alitembea Afrika Kaskazini yote mpaka Sham akikusanya mimea, akaandika kitabu chenye dawa na vyakula karibu 1,400.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta.

Katika fomu ya shambani kuna nafasi ya kuandika matokeo. Umetafuta mmea fulani kutwa nzima, hukuupata. Utaandika nini? Wengi huandika "haupo". Fundi wa kazi hii huandika "hatukuuona", kisha anaongeza: tulikuwa wangapi, tulitafuta saa ngapi, mwezi gani, mvua ilikuwa imenyesha au la. Maneno haya mawili yanaonekana ndugu, lakini sivyo. Anayesema "haupo" anadai kwamba anaujua msitu wote. Anayesema "hatukuuona" anatoa ushahidi wa macho yake, na mwingine anaweza kurudi na kuendelea pale alipoishia.

Chukueni mfano wa mti uitwao Karomia gigas. Ulijulikana mwaka 1977 kutokana na mti mmoja pwani ya Kenya. Mti ule ukakatwa. Mwaka 1993 ikaonekana michache kusini mashariki mwa Tanzania, kisha ukapotea tena machoni mwa wataalamu, wengine wakaanza kuuhesabu miongoni mwa waliokufa. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta. Mwaka 2018 mbegu zake zikapelekwa bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, zioteshwe. Lau kila mtu angeridhika na "haupo", nani angefunga safari ya kwenda kuutafuta?

Na jambo hili halina usalama, vijana. Kwa sheria yetu ya mazingira ya 1999, barabara au jengo kubwa haliruhusiwi mpaka ripoti ifikishwe NEMA. Ndani ya ripoti mna sehemu ya mimea, na wakati mwingine ni sentensi moja: "Hakuna mimea adimu." Sentensi hiyo inaweza kuandikwa na mtu aliyekesha msituni, na inaweza kuandikwa na mtu aliyekaa kwenye gari akila sambusa. Kwenye karatasi zinafanana.

Kuna siku tulikuwa kwenye kilima kikavu, jua limezama upande wetu, imebaki mistari minne. Mkubwa wetu, ambaye simtaji jina, akasema jaza sifuri twende. Kijana aliyekuwa akishika daftari, mtu wa kulipwa kwa siku kama mimi, akaandika "hatukufika" mara nne. Palizuka maneno! Akaambiwa kesho hana kazi. Akasema sawa, lakini mwandiko ni wake. Kulipokucha tulirudi, naye alikuwapo. Mistari mitatu ilikuwa sifuri kweli. Wa nne ulikuwa na miche saba ya msandali.

Ni kilima gani? Hilo sitawaambia, wala si kwa maringo. Msandali wetu unang'olewa na mizizi yake, kwa sababu humo ndimo yalimo mafuta mengi, yale yanayoingia kwenye manukato. Rais alipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake imo chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na bado malori yanakamatwa. Kwa hiyo namba za GPS mnazoandika shambani ni siri. Hazitumwi kwa rafiki, hazipigiwi picha zikawekwa kwenye mtandao. Utajaribiwa: mtu atakununulia chai mjini na kukuuliza tu, "Kwani ile miti mliiona upande gani?" Kibarua wa siku moja ameshika kitu ambacho tajiri anakitafuta. Na sisi wanunuzi wa uturi wa Idi, hakuna ubaya kumuuliza muuzaji mafuta haya yametoka wapi.

Mtaniuliza kuhusu saumu. Msafiri ana ruhusa yake na kulipa baadaye, hilo kamuulizeni imamu wenu vizuri. Wengine wetu tulifunga. Tulianza baada ya alfajiri, tukamaliza kutembea kabla ya adhuhuri, mchana tukaandika vibandiko kivulini. Wenzetu wasio Waislamu ndio waliokuwa wakitukumbusha magharibi, maana uji wa futari waliupenda kuliko sisi.

Kina dada pia wanaifanya kazi hii, na wengi wana jicho kali kutushinda. Mzazi, kabla hujakataa, muulize kiongozi wa kikosi: hema la wanawake ni la peke yake? Wanawake wengine wako wangapi? Akibabaika, hapo kataa.

Kuhusu pesa nisiwadanganye. Ni kazi ya msimu, hasa masika na vuli, mimea inapochanua. Atakayeacha kazi ya kudumu kuifuata hii atajuta. Omba makubaliano kwa maandishi: malipo ya siku, viatu ni vya nani, na nani atalipa hospitali ukiumwa na nyoka. Anayetaka kuendelea kuna chuo cha misitu Londiani. Wanaoajiri vibarua ni watafiti wa makumbusho, wa KEFRI kule Muguga, na wa vyuo vikuu, nao humchukua kwanza yule wanayemjua.

Basi jijulishe. City Park pale Parklands ni msitu wa umma katikati ya mji. Nenda na daftari, jifunze miti kumi tu: muhugu, muthiga na mingineyo. Ukikwama na mmea, usiende Museum Hill na jani moja mfukoni, hawatakusaidia. Piga picha mti mzima, jani mbele na nyuma, ua au tunda, na uandike tarehe na mahali ulipousimamia.