Pima Uso wa Mtoto
Hotuba ya mahafali kwa wahitimu wa upigaji picha, Magu

  Nimeombwa nizungumze na vijana wanaoingia kwenye kazi ambayo mimi nimezeekea humo, na sitawachosha na mambo mengi. Nitazungumza habari ya sura ya mtoto kwenye picha nyeusi na nyeupe: inavyopotea, na namna ya kuiokoa.

Najua baadhi yenu mnajiuliza ni nani leo anayepiga picha nyeusi na nyeupe. Wanangu, nendeni kwenye stationery yoyote hapa Magu mjini mwezi Januari, shule zinapofunguliwa. Mama ameshika picha ya pasipoti ya mwanawe, ya rangi, na kwa macho yake ni nzuri. Inabandikwa kwenye fomu, fomu inatolewa fotokopi, fotokopi inatolewa fotokopi nyingine. Rangi zote zimekwenda. Kinachobaki ni mwanga na giza tu, na kama aliyepiga hakuupima uso, karatasini kunabaki kola nyeupe ya shati la shule na juu yake doa jeusi. Doa hilo ndilo linaloingia kwenye faili la shule, la zahanati, la bima. Na likitokea la kutokea, mtoto akapotea siku ya mnada, tangazo linalobandikwa kwenye nguzo linatolewa kwenye karatasi hiyo hiyo. Nani atamtambua?

Kwa hiyo hata mkipiga picha za rangi maisha yenu yote, picha za watoto wetu zitaishia kwenye nyeusi na nyeupe. Afadhali mjue tangu leo namna ya kuzitengeneza.

Kosa kubwa linaanzia kwenye kipimo cha mwanga. Mmefundishwa darasani kwamba kamera haijui inachokitazama. Haijui huyu ni mtoto, yale ni maji, kile ni kitambaa. Inajumlisha mwanga wote unaoingia na kuutafutia wastani, na wastani wenyewe ni kijivu cha katikati, kile cha kadi inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Sasa mweke mtoto ufukweni, ziwa likimeremeta nyuma yake saa nne asubuhi. Kamera inaona mwangaza mwingi, inaubana. Maji yanatoka vizuri, mtumbwi unatoka vizuri, mtoto anatoka kivuli. Ongeza stopu moja na nusu, au mbili. Maji yataungua, yatakuwa meupe kabisa. Yaache yaungue! Hakuna mzazi aliyekuja kununua picha ya maji.

Kinyume chake nacho kipo. Ukijaza fremu yote kwa uso wa mtoto mweusi ti, kamera itajaribu kumfanya kijivu, na sura itatoka imepauka kama iliyopakwa majivu. Hapo punguza, nusu stopu hadi stopu moja. Mtoto wa maji ya kunde unaweza kumwacha palepale kipimo kilipoangukia. Ndiyo maana nasema pimeni uso, tena uso wenyewe kwa kipimo cha nukta, kisha mwamue ninyi uso huo ukae wapi kati ya weusi na weupe. Ansel Adams na Fred Archer wa Marekani, karibu na mwaka 1940, waliligeuza jambo hili kuwa mfumo mzima: kuanzia weusi mtupu hadi weupe mtupu kuna ngazi kumi na moja, na mpigapicha ndiye anayechagua kitu chake kikae ngazi ya ngapi. Kamera inapendekeza tu.

Kabla sijaingia humu ukumbini nimesimama muda mrefu mbele ya ubao wa picha zenu pale mlangoni. Kuna moja ningependa wazazi waitazame wakitoka. Ni binti mdogo, labda wa miaka minne, ameketi kwenye kizingiti cha nyumba, amevaa gauni jeupe. Tazameni gauni: marinda yote yanahesabika, hakuna mahali palipoungua. Kisha tazameni shavu la kushoto, lile lililo upande wa ndani ya nyumba. Ni jeusi, lakini ndani ya weusi ule unaona mviringo wa shavu, unaona sikio, unaona hata uzi mweusi waliomtobolea sikio ukiwa bado haujatolewa. Na kwenye kila jicho kuna kipande kidogo cha anga. Aliyeipiga yupo hapa, nimemuuliza. Hakutumia flashi. Alimtoa mtoto juani akamweka mlangoni, palipo na kivuli kinachotazama mbingu iliyo wazi, akatandika shuka jeupe chini, mbele ya miguu, mwanga ukapanda kutoka ardhini ukaingia chini ya kidevu na chini ya nyusi. Shuka la kitandani. Ndicho kifaa chenyewe.

Kwa jua letu hili kivuli ni lazima. Sisi tuko kama nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta. Saa sita mchana jua linakaa utosini, na katikati ya Machi, kisha tena mwishoni mwa Septemba, linapita juu ya vichwa vyetu hasa. Jua la utosini linampiga mtoto kwenye paji la uso na ncha ya pua, macho yanageuka mashimo. Hakuna programu ya kompyuta itakayorudisha macho ambayo kamera haikuyaona. Ukijaribu kuyavuta kutoka gizani utapata chenga tupu. Msubirini mtoto saa kumi jioni, au mpelekeni chini ya mwembe, au kwenye baraza.

Jambo lingine ni mafuta. Mama zetu hawamleti mtoto studio mkavu. Ameogeshwa, amepakwa mafuta mpaka anang'aa, wengine na poda shingoni, wengine na wanja kwenye nyusi. Nimesikia wapigapicha wakinung'unika na kumfuta mtoto kwa kitambaa mbele ya mama yake. Msifanye hivyo. Ule mng'ao ni mapenzi ya mzazi, na kwenye picha nyeusi na nyeupe ni mali. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa namna inavyong'aa, zaidi ya inavyoingia kivuli. Ukiipiga kwa flashi ya usoni, mng'ao unakuwa matone meupe makali. Ukiipa mwanga mpana kutoka ubavuni, wa dirisha au wa mlango, mng'ao huo huo unatandaa taratibu kwenye paji na shavu, na mtoto anapata uso wenye uhai. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwapiga watu wake uani kwa mwanga wa mchana, nguo nyeupe na ngozi nyeusi katika fremu moja, na vyote viwili vimesimama hadi leo. Kwetu huku, studio ya Capital Art pale Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilihifadhi sura za Wazanzibari wa kila rangi kwa nyeusi na nyeupe. Kazi hii si ngeni Afrika, na waliotutangulia waliiweza bila skrini ya kuwaonyesha walichokipata.

Wala msikubali mtu awaambie kwamba watu weusi ni wagumu kupiga picha. Nalisikia neno hilo mpaka leo na linaniuma. Sahani na filamu za zamani hazikuona wekundu, na kwa kuwa ngozi ya kahawia imejaa wekundu, ilitoka nyeusi kuliko ilivyo. Ulikuwa upofu wa filamu. Zilipokuja filamu za rangi, Kodak kuanzia miaka ya 1950 ilizipa maabara kadi ya mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley, na mafundi duniani kote wakawa wanasawazisha rangi kwa kutazama ngozi yake. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyeandika habari hizo mwaka 2009, alikuta kwamba waliosukuma filamu iboreshwe kwenye rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Kabati lilisikilizwa kabla ya mtoto. Ninyi mna kamera zisizo na upofu ule. Visingizio vimekwisha.

Sasa tuingie mezani, kwenye kompyuta. Pigeni faili ghafi pale kamera inaporuhusu. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Tofauti hiyo mtaiona mtakapofungua kivuli cha shavu: JPEG itakatika mabaka mabaka, faili ghafi litafunguka polepole.

Msiondoe rangi kwa kubofya kitufe kimoja. Rangi zenyewe ndizo nyenzo yenu. Wekundu na rangi ya chungwa ndimo ilimo ngozi. Zivuteni juu kidogo na uso unafunguka wenyewe, bila kugusa kitu kingine. Bluu inafanya kinyume, inaongeza weusi wa ngozi na kuonyesha kila kovu na kila upele. Lakini bluu hiyo hiyo ndimo ilimo sweta ya shule, ndimo lilimo anga. Ishusheni, na uso unajitenga na vinavyouzunguka. Mafundi wa filamu walifanya hivyo kwa filta ya njano au ya chungwa mbele ya lenzi. Kanuni ni ile ile.

Kisha ndipo kontrasti. Vijana wengi wanaikoleza mpaka picha inapiga kelele: weusi wa lami, weupe wa chokaa, katikati hakuna kitu. Uso wa mtoto unaishi katikati. Hana mikunjo, hana ndevu, hana mifupa iliyochongoka. Umbo lake lote liko kwenye mpito mwembamba wa kijivu kutoka shavuni kwenda kidevuni. Ukiukata mpito huo umempa uzee. Wekeni weusi wa kweli mahali padogo, kwenye mboni ya jicho, kwenye nywele, kwenye kivuli cha kola, na weupe wa kweli mahali padogo, kwenye cheche ya jicho. Hivyo viwili vikishika, sehemu iliyobaki iacheni iwe laini. Panapohitaji msaada, saidieni mahali hapo tu. Kwenye chumba cha giza tulifunga kipande cha kadibodi kwenye waya, tukakipeperusha juu ya karatasi ili kuzuia mwanga kwenye jicho kwa sekunde chache, jicho likafunguka. Leo mna brashi ya kwenye programu. Itumieni kwa mkono mwepesi kama ule.

Na hapa nataka nisieleweke vibaya. Kufungua uso ili uonekane ni kazi yetu. Kumfanya mtoto kuwa mweupe kuliko alivyozaliwa ni kumdhulumu. Wateja wengine watawaomba, na simu nyingi zinafanya hivyo bila kuombwa. Kataeni kwa adabu. Mwonyesheni mzazi picha iliyopimwa vizuri, mtoto akiwa mweusi na akionekana hadi kope, na wengi hawatarudia ombi hilo.

Mtakutana pia na picha ya darasa yenye mtoto mwenye ualbino katikati ya wenzake. Ukipima kwa wenzake, yeye anaungua, uso wake unabaki karatasi tupu. Pimeni mwanga kwa ajili yake, mhakikishe ngozi yake imehifadhiwa, kisha wafungueni wenzake mezani kutoka kwenye faili ghafi. Wapangeni wote kivulini, maana macho yake yanaumizwa na mwanga mkali, na flashi ya usoni ni mateso kwake. Wala picha yake msiirushe mitandaoni bila ridhaa ya wazazi wake. Katika Kanda ya Ziwa watoto hawa wamewindwa, na sote tunajua.

La mwisho ni uchapaji. Skrini iliyowashwa kwa nguvu zote inadanganya; picha inang'aa kwenye laptopu, inatoka printa ikiwa giza. Punguzeni mwanga wa skrini, chapeni kipande kidogo cha majaribio, kitazameni nje kwenye kivuli cha mchana kabla ya kuchapa zote.

Wahitimu, nawaombeni jambo moja la kufanya. Januari shule zikifunguliwa, kila mmoja wenu aende shule ya msingi iliyo jirani na kwao, aombe ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wazazi, awapige watoto wa darasa la kwanza picha za fomu. Kabla hajamkabidhi mzazi, picha hiyo aitoe fotokopi, na fotokopi yake aitoe fotokopi tena. Macho ya mtoto yakionekana kwenye karatasi hiyo ya pili, amkabidhi. Yasipoonekana, amwite mtoto arudi kivulini na ampige upya, bila kudai shilingi ya ziada.