Njia Kwanza, Viwanja Baadaye
Mazungumzo kwa wenye mashamba yaliyo karibu na masoko ya Meru na Embu



Mtu akisafiri kwa barabara kuu itokayo Embu kwenda Meru, akapita Chuka, Igoji na Nkubu, huona kando ya njia maduka ya mawe yaliyopangwa bega kwa bega, yote yameelekea barabara. Hapa panauzwa mbegu na mbolea, pale pana hoteli ya chai, kinyozi, duka la dawa na mahali pa kuchomea vyuma. Kwa mbele mambo ni mazuri. Lakini msafiri huyo akishuka garini na kuzunguka nyuma ya maduka, mara nyingi atakuta jambo jingine: kichochoro cha upana wa mkokoteni mmoja, maji machafu yakitiririka katikati yake, mabomba yamelazwa juu ya udongo, na mtu aliyenunua kiwanja cha nyuma akibeba saruji kichwani, mfuko baada ya mfuko, kwa sababu lori haliwezi kumfikia.

Mazungumzo haya yahusu kiwanja hicho cha nyuma. Mwenyewe alilipa fedha zake sawasawa, na hati ya kumiliki ardhi anayo. Alichokosa ni njia. Na mtu asiye na njia hana duka, hata akijenga ghorofa.

Yafaa kwanza kufahamu jinsi shida hii ilivyoingia. Miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya imekatwa na mito mingi, kama Thuci, Nithi, Mutonga na Kathita, na kati ya mto na mto pana mgongo wa ardhi. Katika mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, vipande vya ardhi vilivyotawanyika vilianza kukusanywa ili kila mwenyewe apate shamba moja. Kazi hiyo ilianza katika miaka ya Hali ya Hatari, na watu wengi walikuwa na malalamiko juu yake. Hata hivyo, katika jambo moja wapimaji walifikiri vema. Palipowezekana, walikata shamba liwe refu na jembamba, upande wa juu ukigusa njia ya mgongoni, na upande wa chini ukigusa mto. Hivyo kila nyumba ilipata njia na maji, wala hapakuwa na haja ya kumwomba jirani.

Sasa shamba kama hilo likikatwa kwa kulipitisha mstari upande kwa upande, kipande cha juu hupata njia bila maji, kipande cha chini hupata maji bila njia, na kipande cha katikati hukosa vyote viwili. Hapo ndipo chanzo cha shida.

Chukueni mfano wa mzee mmoja, ambaye si mtu fulani bali aweza kuwa mzee wa kijiji cho chote. Shamba lake linapakana na soko. Aliwagawia wanawe watatu: mkubwa alipewa mbele, wa pili katikati, na mdogo nyuma. Mzee alinyosha fimbo yake akasema, “Njia itapita hapa, kando ya migomba.” Wote waliitikia, na kwa miaka mingi njia ikapita hapo. Kisha mzee akafariki dunia. Mwana wa kwanza akauza kiwanja chake kwa mfanya biashara mgeni, na mgeni yule akajenga ukuta mpaka kwenye bikoni. Ndugu wawili walipokwenda kumshitaki kwa chifu, mgeni alitoa ramani. Ramani haikuonyesha migomba, wala fimbo ya mzee, wala njia.

Je, mgeni yule ni mtu mbaya? Sivyo. Alinunua kile alichoonyeshwa. Kosa lilikuwa la wale walioweka njia katika kumbukumbu za watu badala ya kuiweka katika rejista. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na njia ni mali.

Ni kweli kwamba sheria haikumwacha kabisa mtu aliyezingirwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inampa mwenye ardhi isiyo na njia haki ya kwenda mahakamani na kuomba amri ya kupitia katika ardhi ya jirani. Lakini mahakama yaweza kumwamuru alipe fidia, na kabla ya hapo kuna gharama za wakili, na nauli, na siku nyingi za kungoja. Dawa hiyo ni kali kwa ugonjwa ambao ungezuiwa kwa kamba ya kupimia na mazungumzo ya alasiri moja.

Basi na tutazame hesabu yenyewe. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Tuseme upande wake mmoja ni futi 200, na upande wa pili ni futi karibu 218. Wauzaji wengi hupenda kiwanja cha hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa futi 100. Mwenye ekari hupanga safu mbili za viwanja vinne vinne, akapata viwanja vinane, na kati ya safu hubaki futi 18. Hufurahi akidhani kwamba amepata njia bila kupoteza cho chote.

Lakini lori moja huchukua upana wa futi 8 hivi. Malori mawili yakikutana katika futi 18, kuta zitakwaruzwa, na mama aliyebeba mtoto mgongoni hatakuwa na mahali pa kusimama. Mtaro utachimbwa wapi? Bomba litalazwa wapi? Nguzo ya umeme itasimama wapi? Duka la nyuma likishika moto, gari la zima moto litapitaje, ikiwa lori la bia limesimama njiani likishusha mizigo?

Sasa mwenye ekari apunguze futi 6 tu katika urefu wa kila kiwanja. Viwanja vitakuwa vinane vile vile, kila kimoja futi 50 kwa 94, na njia itakuwa ya futi 30. Futi 18 ni za magurudumu. Futi 3 kila upande ni za mtaro. Na futi 3 nyingine kila upande ni za nguzo, mabomba na waendao kwa miguu. Ikiwa njia haitokei upande wa pili, pembe za viwanja vya mwisho zikatwe ili lori lipate kugeuka. Kila mnunuzi amepungukiwa na sehemu 6 katika mia ya ardhi yake, na kwa sehemu hizo 6 zile 94 zimepata thamani.

Baada ya njia huja maji, na hapa ni lazima kutofautisha maji ya aina tatu.

Ya kwanza ni maji ya kunywa. Bomba kubwa moja lilazwe chini ya ardhi kando ya njia kabla ya njia kuwekwa kokoto, na kila kiwanja kipewe tawi lake na mita yake. Watu wanane wakitumia mita moja, mwenye hoteli atasema kinyozi ndiye atumiaye maji mengi, na kinyozi atasema ni mwenye hoteli. Siku ya ankara hapatakuwa na amani. Zaidi ya hayo, bomba likilazwa baada ya njia kutengenezwa, njia itachimbwa, na atakayechimba hatairudisha kama ilivyokuwa.

Ya pili ni maji ya mvua. Mvua ya milimita 25 ikinyesha juu ya ekari moja huleta maji yapatayo lita 100,000, yaani madumu 5,000 ya lita ishirini. Zamani migomba na majani viliyanywa sehemu kubwa ya maji hayo. Mabati na saruji havinywi kitu. Katika nchi ya miteremko kama Meru na Embu, maji hayo hushuka kwa nguvu katika mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, na yasipopewa mtaro hujichimbia wenyewe, nao mtaro wao hupita katika duka au shamba la jirani wa chini. Kwa hiyo inampasa mwenye kugawa viwanja aone kwa macho yake maji yake yanakoishia, apatane na jirani wa chini, na kuweka kalavati imara mahali mtaro unapokatiza njia. Matangi ya kukinga maji ya mabati nayo husaidia pande mbili: hupunguza mafuriko, na huweka akiba ya kiangazi.

Ya tatu ni maji machafu. Masoko mengi madogo hayana mifereji ya umma ya maji machafu, na kila mwenye duka huchimba shimo lake. Sasa angalieni: watu wa afya hushauri kisima kiwe mbali na shimo la choo kwa mita 30 hivi, yaani karibu futi 100. Kiwanja chenyewe kina urefu wa futi 94. Basi haiwezekani watu wanane, kila mmoja katika kiwanja chake, wachimbe mashimo na visima bila mmoja kunywa uchafu wa mwenzake. Afadhali wote washirikiane shimo moja lililojengwa vizuri, upande wa chini, mbali na kisima, na mahali ambapo gari la kufyonza uchafu laweza kufika. Na gari hilo, kama malori mengine, linahitaji njia.

Umeme pia hupenda utaratibu. Nguzo zikipangwa kando ya njia, kila duka hupata waya wake kwa karibu. Zisipopangwa, waya huvutwa juu ya paa za watu, na yule anayetaka kuongeza ghorofa hukuta waya juu ya kichwa chake. Si halali wala si salama kujenga chini ya nyaya hizo bila idhini. Ni vizuri maombi yapelekwe Kenya Power kwa pamoja, yakiwa na ramani ya viwanja vyote, ili nguzo na transfoma zikadiriwe kwa mahitaji ya wote, hasa kama miongoni mwao yuko mwenye kinu cha kusaga au mashine ya kuchomea vyuma.

Kisha yafuata maandishi. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kugawa ardhi kunahitaji kibali cha serikali ya kaunti. Ikiwa shamba lingali katika ardhi ya kilimo iliyo chini ya Sheria ya mwaka 1967 ya Kusimamia Ardhi, yatakiwa pia idhini ya Bodi ya Ardhi, na matumizi yake yabadilishwe kuwa ya biashara. Mpango na utengenezwe na mtaalamu aliyesajiliwa, na vipimo vipigwe na mpimaji mwenye leseni. Njia yaweza kutolewa iwe ya umma, ikaonekana katika ramani ya rejista; au yaweza kubaki mali ya mtu, na haki ya kuipita, kupitisha mabomba na kupitisha nyaya ikaandikishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Haki iliyoandikishwa hivyo huifuata ardhi. Mwenye ardhi akifa, haki haifi. Akiuza, mnunuzi huipokea pamoja na udongo.

Na njia ya watu binafsi ina jambo jingine: nani ataitengeneza? Kokoto huisha, mtaro huziba. Wenye viwanja waandikiane mapatano tangu mwanzo, kila kiwanja kitoe fungu lake kila mwaka, na mtu mmoja ashike daftari na stakabadhi. Sharti hilo lielezwe kwa kila mnunuzi kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

Katika Meru, wazee wa Njuri Ncheke wana sifa ya tangu zamani ya kupatanisha watu katika mashauri ya ardhi, na Katiba ya mwaka 2010 yenyewe inahimiza njia za jadi za kusuluhisha magomvi. Neno la wazee lina uzito kwa wale waliolisikia. Lakini mgeni ajaye kununua kiwanja kutoka Nairobi au Isiolo hakuwapo siku ile lilipotamkwa. Kwa hiyo wazee wakiisha kupatanisha watu, mapatano yapelekwe kwa mpimaji na kwa msajili, ili neno lao liwe na nguvu hata kwa asiyewajua.

Kwa mnunuzi, shauri ni fupi. Asitoe hata shilingi moja mpaka aulize maswali manne. Njia hii imo katika ramani, au imo katika maneno tu? Maji ya kunywa yatapita wapi? Maji ya mvua na maji machafu yataishia wapi? Nani atalipa matengenezo? Muuzaji akijibu kwa kunyosha kidole, mnunuzi aondoke. Akijibu kwa karatasi, mnunuzi aipeleke karatasi hiyo katika ofisi ya ardhi akahakikishe.

Na kwa mzee mwenye shamba, shauri ni fupi zaidi. Kabla ya bikoni ya kwanza kupigwa, awaite wanawe wote watatu, watembee pamoja toka barabarani mpaka mtoni, na wapime njia kwanza. Futi sita ambazo kila mmoja atazitoa siku hiyo ni bei ndogo. Wasipozitoa wakiwa ndugu, huenda watoto wao wakazigombania mahakamani wakiwa maadui.