Majina Yasiyoandikwa

Tarehe 10 Mei 1869, huko Promontory, Utah, nchini Marekani, watu walikusanyika kushuhudia msumari wa dhahabu ukitiwa katika taruma la mwisho la reli iliyounganisha mashariki na magharibi ya nchi ile. Picha ikapigwa. Wakubwa wanashikana mikono, chupa zimeinuliwa juu. Lakini kumtafuta Mchina katika picha hiyo ni kazi ngumu.

Nao ndio waliokuwa wengi! Kampuni ya Central Pacific, iliyojenga kutoka Sacramento kuelekea mashariki, ilikosa vibarua. Kuanzia mwaka 1865 ikawaajiri Wachina kwa wingi, hasa watu wa Guangdong, ingawa msimamizi wake alidhani kwamba watu wembamba vile hawaiwezi kazi ya mawe. Hatimaye walizidi 10,000. Katika milima ya Sierra Nevada walitoboa handaki la mita 500 hivi ndani ya itale, kwa nyundo, baruti na nitrogliserini, wakisonga mbele inchi chache kwa siku. Wengine walifunikwa na maporomoko ya theluji, na miili yao ikaonekana theluji ilipoyeyuka.

Mwezi Juni 1867, wapatao 3,000 waliweka zana chini kwa utulivu. Waliomba dola 40 kwa mwezi, na saa chache zaidi ndani ya handaki. Kumbukeni kwamba walijinunulia chakula wenyewe, hali wazungu walilishwa na kampuni. Charles Crocker, mkuu wa ujenzi, akawakatia chakula. Baada ya juma moja wakarudi kazini. Mtume Yakobo alinena juu ya ujira uliozuiliwa; hapa kilizuiliwa chakula chenyewe.

Tarehe 28 Aprili 1869 zilitandikwa maili 10 za reli kwa siku moja. Majina ya Waayalandi wanane walioinua vyuma siku hiyo yamehifadhiwa, na ni haki yao. Lakini Wachina, katika daftari za mishahara, waliandikwa kwa makundi, chini ya jina la mnyapara. Nanyi mliomwita kibarua shambani juma hili, je, mlimwuliza jina lake?

Mwaka 1882 sheria ya Marekani iliwafungia mlango vibarua wa Kichina. Mifupa ya baadhi ya wale waliofia relini ilifukuliwa na watu wa kwao, ikasafirishwa ng'ambo ya bahari, ikazikwe Guangdong.