Ufa, Ukuta na Picha: Kumbukumbu za Nyumba Zilizoachwa



Nyumba iliyoachwa haianguki kwa siku moja. Kwanza mlango hukosa wa kuufungua, kisha upepo hung'oa bati moja, kisha maji ya masika hupata njia. Apitaye hapo kila siku haoni lolote, kwa kuwa jicho la binadamu huzoea upesi. Ndiyo maana kazi ya kupiga picha nyumba ileile, kutoka mahali palepale, mwaka baada ya mwaka, imekuwa elimu yenye uzito wake, wala si burudani ya watu wenye nafasi tu.

Miongoni mwa walioitenda kazi hiyo kwa uvumilivu mkubwa ni Camilo José Vergara, mzaliwa wa Chile mwaka 1944, aliyekwenda Marekani na kusomea elimu ya jamii. Tangu miaka ya 1970 amekuwa akizuru mitaa ya watu maskini katika miji kama New York, Newark, Camden, Detroit, Chicago na Los Angeles. Hakupiga picha na kwenda zake. Alirudi. Palipokuwa na nyumba sita zilizoshikana, miaka ilipopita zikaonekana tatu, halafu moja yenye madirisha yaliyozibwa kwa mbao, halafu uwanja wa majani. Mjini Camden alipiga picha ya jengo la zamani la maktaba, ambamo miti ilikuwa imeota mahali walipokuwa wakiketi wasomaji. Mwaka 2005 alitoa kitabu kuhusu nyumba za ibada za mitaa hiyo, nyingi zikiwa zimeanzishwa ndani ya maduka na majengo mengine yaliyoachwa. Mwaka 2013 Rais Barack Obama alimtunuku Nishani ya Taifa ya Fani za Insia.

Picha moja ya gofu humwambia mtazamaji kwamba nyumba imeharibika. Picha kumi za miaka thelathini humwambia jinsi ilivyoharibika, na humlazimisha kuuliza ni kwa nini. Mji wa Detroit ulikuwa na watu wapatao 1,850,000 mwaka 1950. Mwaka 2020 walihesabiwa 639,111. Viwanda vya magari vilihamia kwingine, wenye uwezo, hasa Wazungu, wakahamia vitongoji vya nje, na kodi iliyolipia taa, maji na shule ikapungua. Kwa hiyo nyumba zile hazikubomolewa na mvua na theluji peke yake. Kabla mvua haijaingia, kazi ilikuwa imekwisha kutoka.

Hapo ndipo lilipozuka shauri ambalo halijaisha hata leo. Mwaka 1995 Vergara alipendekeza kwamba maghorofa marefu matupu katikati ya Detroit yaachwe yasimame kama magofu, yatazamwe kama watu wanavyotazama mabaki ya Ugiriki ya kale. Wenyeji wengi walikasirika, na hasira yao ilikuwa na haki. Kilichokuwa uzuri wa huzuni machoni pa mgeni, kwao kilikuwa duka alilofanyia kazi mama, au hoteli iliyofanyiwa arusi ya ndugu. Waswahili husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mpiga picha aishiaye mlangoni huleta sura ya nyumba bila habari za waliokaa humo, na picha ya namna hiyo inaweza kuwavunjia heshima maskini hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Miaka iliyofuata imewafunza pande zote mbili. Duka kubwa la Hudson's lilibomolewa mwaka 1998. Lakini hoteli ya Book Cadillac, iliyofungwa mwaka 1984, ilifunguliwa tena mwaka 2008. Kituo cha reli cha Michigan Central, kilichoanza kazi mwaka 1913 na kuagwa na garimoshi la mwisho mwaka 1988, kilikaa miaka thelathini kikipigwa picha na wageni kama mfano wa mji uliokufa. Mwaka 2018 kilinunuliwa na kampuni ya Ford, na mwaka 2024 milango yake ikafunguliwa tena baada ya matengenezo. Gofu si lazima liwe mwisho wa habari ya nyumba.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, nyumba za mawe zina njia yao ya kufa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Paa likivuja, ncha za boriti zilizozama ukutani huoza kwanza. Dari ikishuka, kuta hukosa kinachozishikanisha, nazo huanza kuegemea nje. Ndege huleta mbegu za mtini, na mizizi yake hupanua kila ufa. Mambo haya yote huonekana katika picha miaka kadhaa kabla ya kishindo.

Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ni miongoni mwa majengo yaliyopigwa picha nyingi zaidi katika pwani hii. Mwaka 2012 sehemu ya baraza zake iliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wakapoteza maisha. Wingi wa picha haukuuzuia mnara ule kuanguka. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kwa upande mwingine, yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, kisha yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyahifadhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: picha huonyesha ufa, bali mkono ndio uzibao.

Jambo hili linazihusu pia sharika. Wamisionari wa Leipzig, walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, walipiga picha nyingi za nyumba, shule na makanisa, na picha hizo nyingi sasa huonekana kwa intaneti kupitia Chuo Kikuu cha Southern California. Anayezilinganisha na majengo ya leo anaweza kujua ukumbi upi uliongezwa na paa lipi lilibadilishwa. Lakini katika picha za kale za namna hiyo, mara nyingi jina la mmisionari limeandikwa, na jina la fundi aliyechonga mawe halimo.

Basi kazi iliyo mbele ya vijana na wazee wa usharika wowote wenye nyumba kuukuu ni nyepesi kuanza. Ichaguliwe nyumba, paweke alama mahali pa kusimama, picha ipigwe kila mwaka baada ya masika. Ruhusa iombwe kwa wenye nyumba au warithi wao. Ziandikwe tarehe, majina ya waliojenga na waliokaa, na sababu ya kuondoka kwao, wangali hai wanaoikumbuka. Nakala moja ikae ofisini, nyingine kwingineko, maana moto na mchwa havichagui. Kisha kila mwaka picha mpya iwekwe kando ya ile ya zamani mbele ya kikao cha wazee, na swali liulizwe waziwazi: nyumba hii itatengenezwa, itabomolewa kwa heshima, au itaachwa? Majibu yote matatu yanaweza kuwa na hekima, mradi yatolewe na watu wenyewe, wala mvua isiachiwe kuamua kwa niaba yao.