Mzigo Haupumui: Kugeuza Tela Dogo Kuwa Kambi ya Familia

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo wenzetu wengi wanaoishi Marekani hulifikiria kila majira ya kiangazi yanapokaribia. Familia ni kubwa, vyumba vya hoteli ni ghali, na nyumba ya magurudumu iliyotengenezwa kiwandani huuzwa kwa bei inayomkatisha tamaa mtu wa kipato cha kawaida. Kwa upande mwingine, tela dogo la mizigo, lile sanduku la bati lenye ekseli moja na milango nyuma, hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Ndipo swali linapozuka: kwa nini tusilinunue, tukalitia vitanda na meko, tukaenda nalo nyikani?

Wazo hilo si geni. Tangu miaka ya 1930 Wamarekani wamekuwa wakijiundia wenyewe matela madogo ya kulala safarini. Hata hivyo, kabla ya kushika msumeno, yafaa kulitazama sanduku lenyewe na kujiuliza liliundwa kwa ajili ya nani. Liliundwa kwa ajili ya mzigo. Mzigo haupumui, haulali, haushtuki usiku wala haukimbii moto. Binadamu hufanya yote hayo. Kwa hiyo kazi ya kuligeuza tela ni kulipa mambo manne ambayo mzigo haukuyadai kamwe: uzito unaojulikana, mwendo unaostahimilika, hewa, na njia ya kutokea. Vitanda na makabati huja baada ya hayo.

Tuanze na uzito. Kila tela linalouzwa Marekani hubandikwa bamba au karatasi ya mtengenezaji, kwa kawaida upande wa kushoto karibu na mbele, inayotaja uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, yaani tela pamoja na kila kilichomo. Tuchukue mfano wa tela la upana wa futi 6 na urefu wa futi 10. Bamba la tela la namna hiyo mara nyingi husema ratili 2,990, ambazo ni takriban kilo 1,356. Ukichungulia chini utaona kwamba ekseli yenyewe imepimwa kubeba ratili 3,500, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Katika majimbo mengi, tela linalofikisha ratili 3,000 hulazimika kuwa na breki zake lenyewe, na ndiyo sababu watengenezaji huweka kikomo chini kidogo ya hapo. California ni kali zaidi, kwani huko sharti la breki huanzia ratili 1,500. Anayepakia kwa kuitazama ekseli peke yake huwa amekwisha kuvuka kikomo cha bamba, na huenda anakokota uzito huo bila breki yoyote nyuma yake.

Wahenga walisema kamba hukatika pabovu. Bamba lina kikomo chake, ekseli ina chake, tairi zina chake, kiungo cha kukokotea kina chake, na gari pia lina chake. Kikomo cha safari ni kile kilicho chini kuliko vyote.

Sasa tufanye hesabu. Tela tupu la kiasi hicho laweza kuwa na kilo 550, hivyo zinabaki kilo 800 hivi. Zinaonekana nyingi, lakini haba na haba hujaza kibaba, na katika tela methali hiyo ya faraja hugeuka kuwa onyo. Ubao mmoja wa plaiwudi wa futi 4 kwa 8, wenye unene wa robo tatu ya inchi, una takriban kilo 30. Ubao huohuo ukiwa na unene wa nusu inchi una kilo 20 hivi. Betri ya kawaida ya risasi na asidi yenye uwezo wa ampea-saa 100 ina kilo zinazokaribia 30, ilhali ya lithiamu yenye uwezo uleule ina kilo 12 hivi. Lita 100 za maji ni kilo 100 kamili. Kwa hiyo, fundi anayetumia mbao kumi nyembamba badala ya kumi nene ameokoa uzito wa maji ya kunywa na kupikia ya familia ya watu watano kwa siku nne.

Vituo vingi vya malori kando ya barabara kuu vina mizani ambayo mtu yeyote aweza kuitumia kwa malipo madogo. Lipime tela likiwa tupu, ulipime tena kazi ikifika katikati, kisha ulipime likiwa limejaa vyakula, maji, nguo na vifaa vyote, kama siku ya kuondoka.

Pamoja na wingi wa uzito, kuna suala la mahali unapokaa. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela inapaswa kulalia kiungo kilicho nyuma ya gari. Kwa tela la kilo 1,200, hizo ni kilo 120 hadi 180. Uzito ukihamia nyuma ya ekseli, tela huanza kuyumba kama mkia, na likiwa kwenye mwendo wa kasi laweza kuliangusha gari lenyewe. Wengi hujenga meko nyuma kwa kuwa milango iko huko, kisha huweka na maji hukohuko. Ni afadhali tangi la maji likae karibu na ekseli, mbele yake kidogo, na betri ziwe mbele. Tela likiyumba barabarani, dereva asikanyage breki kwa ghafla. Aondoe mguu taratibu kwenye mafuta, ashike usukani kwa utulivu, na kama gari lina kidhibiti cha breki za tela, azikaze hizo peke yake.

Jambo la pili ni mwendo. Njia za nyikani, kwa mfano zile zinazozunguka mji wa Moab katika jimbo la Utah, zina mawe, mchanga na matuta madogo yanayofuatana kama mbao za kufulia. Tela la mizigo lina springi ngumu na aghalabu halina shokamzoba, kwa sababu sanduku la vyombo halilalamiki likitikiswa. Huko njiani skrubu hulegea zenyewe, na kabati lililofungwa kwenye bati la ukuta hung'oka. Bati hilo ni jembamba mno kushika skrubu. Ndani ya kuta mna mbavu za chuma, mara nyingi kila baada ya inchi 16 au 24. Zitafute, na kila kitu kizito kikazwe humo kwa bolti.

Ili kuliinua tela lisikwaruze mawe, mafundi wengi huihamisha ekseli kutoka juu ya springi na kuiweka chini yake. Kazi hiyo huongeza nafasi ya sentimita kumi au zaidi, lakini ina masharti mawili. Kwanza, ekseli nyingi zimepinda kidogo kwa makusudi, upinde ukielekea juu. Anayeigeuza juu chini hupotosha magurudumu, na tairi huliwa upande mmoja. Inabidi ekseli ibaki ilivyo, kisha vikalio vipya vya springi vichomelewe upande wake wa juu na fundi stadi. Pili, tela lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye mteremko wa ubavuni, na kwa sababu hiyo vitu vizito vikae sakafuni, visiwekwe kwenye rafu za juu wala darini.

Nafasi ikiruhusu, ni busara tela litumie tairi na rimu zinazolingana na za gari, ili tairi moja ya akiba iwafae wote wawili. Ukishafunga magurudumu, kaza nati tena baada ya maili 50 hadi 100. Vumbi nalo halisahauliki. Sanduku linapokwenda mbio, hewa iliyo nyuma yake hupungua msukumo, na vumbi hunyonywa kupitia nyufa za milango. Waaustralia, ambao wana uzoefu mrefu wa barabara za vumbi, hutoboa tundu lenye kichujio upande wa mbele ili hewa safi isukumwe ndani na kulizuia vumbi lisiingie.

Jambo la tatu, msikilizaji, ni hewa, na hapa nakuomba utege sikio. Jangwani Utah au milimani Colorado, mchana waweza kuwa wa joto kali na usiku ukawa wa baridi inayopenya mifupani. Wengi wetu, tuwe tumetoka Goma, Bujumbura, Mombasa au Unguja, tumekua na jiko la makaa. Tunalijua na tunaliamini. Makaa yakishakolea na moshi ukaisha, mtu huona ni salama kuliingiza ndani ili watoto wapate joto. Moshi ndio ulioisha, si sumu. Makaa mekundu yasiyo na moshi huendelea kutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na aliyelala hatambui chochote. Katika nyumba yenye nyufa hatari hiyo ni kubwa. Katika sanduku la bati lililozibwa vizuri kwa ajili ya vumbi ni kubwa zaidi. Jiko la makaa, jiko la gesi na jenereta visitumike kamwe kutia joto mahali pa kulala. Anayehitaji joto atumie hita iliyoundwa kwa kazi hiyo, inayovuta hewa ya kuunguzia kutoka nje na kutoa moshi wake nje, au atumie blanketi.

Kando ya hayo, tela liwe na tundu la hewa darini, ambalo kwa kawaida huwa la mraba wa inchi 14, na jingine chini ukutani, ili hewa ipite hata usiku wa baridi. Pumzi za watu watano hutoa unyevu mwingi, nao hugeuka matone kwenye bati baridi na kulowesha matandiko. Mbao za foamu ngumu nyuma ya kuta hupunguza tatizo hilo. King'ora cha kaboni monoksaidi kiwekwe karibu na wanapolala watu, na kijaribiwe kabla ya kila safari. Gesi ya kupikia, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Kwa hiyo king'ora chake hukaa chini, na mtungi wenyewe hukaa nje.

Umeme nao usitutishe. Betri moja ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba takriban wati-saa 1,280. Friji ndogo ya safari, taa, feni na simu za familia huweza kutumia wati-saa 700 au 800 kwa siku. Paneli ya jua ya wati 200, katika siku yenye jua zuri, hurudisha karibu kiasi hichohicho. La muhimu ni kila waya uwe na fyuzi karibu na betri, kwa maana mtikisiko wa njia huchubua nyaya, na nyaya zilizochubuka huzaa moto.

Moto unatufikisha kwenye jambo la nne, njia ya kutokea. Milango ya tela la mizigo hufungwa kwa komeo lililo nje, kwa kuwa hakuna mzigo uliowahi kutaka kujifungulia. Mtoto anayecheza nje aweza kulisukuma komeo hilo na kuwafungia ndani ndugu zake bila kujua alichofanya. Tela la kulala watu sharti lifunguke kutoka ndani, na liwe na njia mbili: mlango, na dirisha kubwa au mlango wa pili upande mwingine. Kitanda kisizibe yoyote kati ya hizo. Kizima-moto kikae karibu na mlango, si nyuma ya meko. Tena, familia iwe kubwa kiasi gani, mtu yeyote asipande ndani ya tela likiwa linakokotwa. Idadi ya wasafiri ni idadi ya viti vyenye mikanda garini.

Haya yakikamilika, nchi iko wazi. Shirika la serikali linalosimamia ardhi ya umma, lijulikanalo kwa kifupi kama BLM, lina takriban ekari milioni 245, nyingi zikiwa katika majimbo ya magharibi. Katika sehemu kubwa ya ardhi hiyo watu huruhusiwa kupiga kambi bila malipo, kwa kawaida hadi siku 14 katika kipindi cha siku 28. Huko hakuna bomba, choo wala jaa. Ulichokwenda nacho urudi nacho, na makatazo ya kuwasha moto nyakati za ukame yaheshimiwe.

Mwisho, msikilizaji, kabla ya safari ya kwanza lifanyie tela jaribio moja uani. Usiku, familia yote iingie ndani, milango ifungwe, taa zizimwe. Kisha mwambie aliye mdogo kuliko wote, mwenye umri wa kuelewa, afungue na awatoe wenzake nje. Akiweza bila kusaidiwa, tela lenu limeacha kuwa la mizigo. Asipoweza, rudini kwenye msumeno, safari itangoja.