Kutoka Karakana hadi Meza ya Hataza

Tuseme fundi wa Bombo, huku Upare wilayani Same, ameunda mashine ya kumenya tangawizi, zao linalowapa riziki wakulima wengi wa milima hii. Anamwendea mhandisi amwandikie maombi ya hataza. Mhandisi, kwa uaminifu wa fani yake, anaandika katika madai, sehemu inayoweka mipaka ya kinachokingwa: pipa la lita 50, visu vya chuma cha pua vya unene wa milimita 2, mizunguko 120 kwa dakika. Kila namba ni sahihi, na kila namba ni mwanya. Jirani atakayeweka visu vya plastiki vya milimita 3 atakuwa nje ya madai hayo.

Mwanasheria wa hataza huuliza swali jingine: ni kipi kikiondolewa, mashine haimenyi tena? Huenda jibu si pipa wala kasi, bali springi inayokiacha kisu kirudi nyuma kila kinapokutana na vidole vya tangawizi, kikakwangua ganda bila kula nyama. Basi madai yatataja chombo kinachozunguka chenye angalau kisu kimoja kilichoshikizwa kwa namna ya kunyumbulika. Milimita zitabaki kwenye maelezo na michoro, kama mfano tu. Mhandisi anayehamia fani hii hujifunza kwanza kufuta namba, na wengi huona uchungu.

Kupanua madai nako kuna mpaka. Wapare wamekusanya maji ya vijito usiku kwenye mabwawa madogo yaitwayo ndiva na kuyafungulia mifereji asubuhi kwa vizazi vingi. Hakuna wa kuja leo kudai wazo hilo ni jipya. Ugunduzi wa jambo la asili nao haupewi hataza. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, aliona mwaka 1963 kwamba mchanganyiko wa moto wa aiskrimu uliganda kabla ya ule uliopoa, na mwaka 1969 akachapisha makala pamoja na Denis Osborne. Jina lake limeingia vitabuni, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuhodhiwa. Mashine iliyojengwa juu yake ingeweza kuombewa.

Aliyeiishi safari ya kutoka uhandisi hadi hataza mpaka mwisho ni Chester Carlson wa Marekani. Alihitimu fizikia Caltech mwaka 1930, akaajiriwa maabara za Bell, kisha akahamia idara yao ya hataza. Baadaye, katika idara ya hataza ya kampuni ya P. R. Mallory jijini New York, mchana alihangaika na uhaba wa nakala za maelezo na michoro. Usiku alisoma sheria. Adha ya nakala ndiyo iliyomsukuma kubuni uchapaji wa unga mkavu kwa umeme. Nakala ya kwanza ilitoka Astoria tarehe 22 Oktoba 1938, na hataza Na. 2,297,691 ikatolewa mwaka 1942. Kila anayetoa fotokopi ya cheti pale Same mjini anatumia kazi ya mtu huyo.

Marekani, mhandisi anaweza kufanya mtihani wa ofisi ya hataza akawa wakala bila shahada ya sheria. Tanzania njia ya uwakili ni ndefu zaidi: shahada ya sheria, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kisha kuapishwa. Ni haki kwa mahakama, ila kwa hataza inamchosha mtu ambaye tayari anajua kusoma mchoro. Maombi ya Tanzania Bara hupelekwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na anayetaka nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja hutumia ARIPO, shirika la kikanda la miliki bunifu lililoko Harare, chini ya Itifaki ya Harare ambayo Tanzania imo tangu mwaka 1999.

Kwa mafundi wa Bombo, ombi ni moja: pelekeni maombi kwanza, ndipo mashine iende kuonyeshwa kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Ikishatazamwa na umma, upya wake unaweza kuwa umekwisha.