Vijana wetu wanaokwenda kusomea polisi

Maneno ya komite yaliyosomwa mbele ya wanamemba na wafadhili, Kasongo

 

Katika mkutano uliopita swali moja liliulizwa kwa nguvu, na wengi walipiga makofi. Mama mmoja alisimama akasema: "Polisi njo hao banatukamata juu ya deni, banatulipisha makuta ya kufungua mlango wa kasho. Sasa chama kitatosha makuta yetu kwa kufundisha polisi?" Tuliahidi kujibu. Hili njo jibu.

Tuanze na kasho yenyewe. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 18, inasema mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, tena kwa lugha anayoisikia. Inasema pia asishikwe na polisi kupita saa 48. Zikiisha, aachwe aende au apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Sasa hizo saa 48 zinahesabiwa kutoka wapi? Kutoka kwenye rejista. Polisi wa zamu anaandika jina, siku, saa mtu aliyoingia, sababu, nani amemleta, na vitu vilivyobakia mlangoni: mkanda, simu, makuta. Kama mstari wa saa uko wazi, saa 48 hazina mwanzo. Mtu atalala mle siku nne, na mkubwa akifika kukagua ataambiwa ameingia jana.

Na ni nani anaumia zaidi? Sisi tuliorudi. Unatoka Tanzania, ao unatoka tu kule ulikokimbilia porini, unakuta shamba la baba linalimwa na mwingine, maneno yanapanda, jioni mko wote wawili kwa polisi. Karatasi zako zilibakia njiani zamani. Kitu kitakachokusemea ni kile polisi ameandika kwenye PV, na wewe unaweka kidole chini bila kujua imeandikwa nini.

Mara nyingine mstari unaachwa wazi kwa ubaya, tusidanganyane. Lakini tumezungumza polepole na polisi mmoja mmoja, watoto wa hapa hapa, na kuna waliotuambia ukweli mwingine: biki inawashinda. Walipita masomo ya polisi wakijificha, wakatoka na uniforme, na mpaka leo wanaogopa karatasi. Mtu mwenye bunduki anayeogopa karatasi atatafuta njia nyingine ya kufanya kazi. Atapiga kelele, ataahirisha, atamwambia raia "leta kitu tumalize hapa hapa." Njo sababu komite inasema kazi hii ni ya kutulinda sisi wenyewe kwanza.

Sasa tuwaangalie hao vijana. Wengine walizaliwa Nyarugusu, ao Lugufu kabla haijafungwa mwaka 2009. Kule kambini shule zilifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa, lakini nje ya mlango wa darasa kila kitu kilikuwa Kiswahili. Wengine hawakuvuka ziwa. Walikimbia kati ya Kabambare na Kasongo kila mara bunduki zilipolia, wakaanza darasa la tatu mara mbili, mara tatu, katika shule tofauti. Wengine waliacha kaye wakaenda kuchimba dhahabu upande wa Salamabila. Shule ya msingi ya bure ilipoanza kutumika mwezi wa 9 mwaka 2019, hao walikuwa wamekwisha kuwa watu wakubwa wenye watoto. Yule aliyekosa shule tu ni rahisi: ukimpa mwalimu na wakati, anashika mbio, pengine kuliko watoto.

Lakini kuna wengine ambao shule walikaa, miaka mingi, na maandiko hayakuingia. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu kijijini watu hao wanaitwa wajinga, ao wanasema amelogwa. Kijana anaona b anasoma d. Anaandika "saa tatu na nusu" leo vizuri, kesho herufi zimeruka. Akifika mwisho wa mstari amekwisha kusahau mwanzo. Kumbe huyo huyo ukimtuma sokoni atarudi akueleze nani aligombana na nani, neno kwa neno, na nguo walizovaa. Walimu wanaita shida hiyo disleksia. Iko duniani pote, kwa watoto wa matajiri na wa maskini, na haina kazi na akili ya mtu. Haiponi kwa fimbo. Inapungua kwa kufundishwa taratibu, kitu kimoja kimoja, kwa kurudiarudia.

Kuna tena wa masikio. Mtoto alitoka usaha masikioni miaka yote na hakuna dawa, ao alipona ugonjwa wa uti wa mgongo, ao bomu lililia karibu. Leo anasikia upande mmoja. Amri ikitolewa nyuma yake hageuki, na formateri anasema ana kiburi. Kuna wa macho: hakuna mtu aliyewahi kumpima, na tablo kwake ni ukuta mweusi. Huyo miwani tu inamtosha. Na kuna wale ambao wakisikia mlio wa risasi kwenye uwanja wa mazoezi akili inafunga, kwa sababu ya yale waliyoyaona, na somo lote la siku ile linapotea.

Basi kijana anapata nafasi. Masomo ya polisi hayako hapa kwetu. Watu wanapelekwa mbali, vituo kama Kapalata kule Kisangani ao Kasapa kule Lubumbashi. Somo ni kwa Kifaransa. Kwenye mstari wa kambi ni Lingala, hiyo njo lugha ya wenye bunduki Kongo tangu wakati wa Force Publique. Mtoto wa Kabambare anafikiri kwa Kiswahili. Formateri anasoma, wao wanaandika, anafuta, anaendelea. Mmoja wa vijana wetu alituambia kwamba kituoni kwao (hatutaji jina) aliyeandika polepole alisimamishwa mbele ya wenzake asome kwa sauti, na watu wakacheka. Kutoka siku ile hakuuliza swali tena. Akawa anamlipa mwenzake sabuni ili amwandikie kaye.

Sabuni si neno kubwa. Kubwa ni lile somo lililopita kichwani juu siku zile. Sheria ya polisi ya tarehe 11 mwezi wa 8 mwaka 2011 inaruhusu nguvu pale tu ambapo hakuna namna nyingine, kwa sababu ya haki, na kwa kipimo cha hatari iliyopo. Ni somo la kuuliza maswali, la kubishana: na kama wanarusha mawe? na kama anakimbia? na kama ni mtoto? Aliyezoea kuitikia "oui chef" ili asichekwe, ataitikia hata hapo. Kisha atapewa bunduki na kusimamishwa barierini.

Tunachoomba kwa wakubwa wa polisi hakiwapunguzii kazi yao hata kidogo. Tunaomba kila somo la Kifaransa lifungwe kwa dakika chache za Kiswahili, kwa sababu Kiswahili nacho ni lugha ya taifa, kifungu cha kwanza cha Katiba kinasema. Karatasi ya somo itolewe jioni ya kabla, ili anayesoma polepole afike amekwisha kuipita. Maswali ya sheria yajibiwe kwa mdomo na yule ambaye kuandika kunamchelewesha. Tunataka kujua kama anajua sheria. Kwenye mtihani wa kuandika aongezewe wakati. Uingereza, sheria yao ya 2010 inamlazimisha mwajiri kupanga kazi upya pale inapowezekana ili mtu wa namna hiyo asiachwe nyuma, na polisi wao hawakutolewa katika sheria hiyo. Na hapa kwetu iko sheria ya tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Haijulikani sana, hata na wanaopaswa kuitumikisha.

Mambo mengi ya polisi yanafundishika kwa mikono: kupekua mtu bila kumwaibisha, kufunga njia penye ajali, kumpokea mama aliyebakwa bila kumuuliza mbele ya watu. Hapo vijana wetu wanawapita wenye diploma, na tunasema hivyo bila haya.

Lakini kuandika jina, siku na saa, hapo hatuombi huruma. Asiyeweza kuandika mistari hiyo asiwekwe kwenye mlango wa kasho, hata akiwa mtoto wa prezida wa chama chetu. Apewe msaada mpaka aweze, ao apewe kazi nyingine. Kuna mfadhili mmoja aliyetuandikia kwamba tunapaswa kudai zaidi, kwamba kila kijana apite. Tunamheshimu, ila hapo hatukubaliani naye. Atakayelala ndani kwa ajili ya mstari mtupu ni mwanamemba wetu.

Kwa upande wetu tumekwisha kuanza kidogo. Jioni, katika darasa tulilopewa, walimu wawili waliopumzika kazi wanakaa na wale wanaojitayarisha kwenda. Hawaanzi na a-e-i-o-u kama watoto. Wamechora rejista yenyewe kwenye tablo, mistari yote, na kila jioni mmoja "anakamatwa," mwingine anaandika. Wanacheka sana, na wanajifunza. Aliyekosea saa, "mfungwa" wake anabaki amesimama mpaka irekebishwe. Kisha wanaingia kwenye maneno ya Kifaransa yatakayorudi kila siku, na ya Lingala pia. Masikio na macho yanapimwa kabla ya safari, si baada ya kufukuzwa.

Kuna barua pia. Kijana akikubali, komite inamwandikia mkubwa wa kituo: huyu anasikia vizuri upande wa kuume, mweke mbele, huyu anasoma polepole, usimsomeshe mbele ya watu. Asipokubali, hatuandiki. Dada mmoja wa upande wa Kabambare alikataa kabisa, akasema akiwa mwanamke tayari wanamtazama mara mbili, hataki jina lingine. Ni haki yake, na mwalimu alimwongezea jioni badala ya barua.

Na tuseme wazi mbele ya wafadhili: hatumlipi mtu yeyote ili kijana apate nafasi, na hatuchagui nani aingie polisi. Aliyetoka kwa wenye silaha porini ana njia yake ya serikali, P-DDRCS, iliyoanzishwa mwaka 2021. Barua ya chama haiwezi kuwa sabuni ya kumwosha.

Vinavyokosekana ni hivi: kaye na biki, taa za jua kwa sababu saa kumi na mbili giza linaingia, miwani, na nauli na chakula cha wale wa Kabambare ambao hawawezi kwenda na kurudi. Mtunza sanduku anayo hesabu, kila mtu anaweza kuisoma, na asiyesoma atasomewa. Tunatafuta pia nyumba tatu hapa Kasongo za kupokea wageni mpaka mpunga uvunwe. Mwenye nafasi amwone mama mweka rejista wa chama hapo mlangoni, ataandika jina lake, siku na saa.